Kabla Hujalipia Gitaa: Kuchagua Kati ya la Bei Kubwa na la Bei Nafuu

Mnunuzi wa gitaa la umeme huangalia kwanza rangi, kisha jina lililoandikwa kichwani, kisha bei. Vyote vitatu vina la kusema, ila si lile analolihitaji. Anayetaka kujua kama gitaa ni zuri aulize fundi alitumia muda wake wapi. Siku hizi gitaa la dola 2,500 na la dola 500 hukatwa na mashine za namna moja zinazoongozwa na kompyuta, na umbo la kiwiliwili hutoka sawa, liwe limekatwa California au Indonesia. Tofauti huanza mashine inapozimwa: kusugua, kupiga tupa, kusawazisha, kujaribu, kurudia. Kazi hiyo ni ghali kwa kuwa ni saa za mtu, nayo ndiyo ya kwanza kupunguzwa kiwanda kinapotaka kushusha bei.

Nitatumia jozi mbili ambazo wapigaji wengi wanazifahamu. Ya kwanza ni Stratocaster: ile ya Fender inayotengenezwa Corona, California, ambayo ikiwa mpya huvuka dola 1,500, na ile ya chapa ya Squier inayotengenezwa Asia na kupatikana kwa theluthi ya fedha hizo au chini yake. Katikati ipo ya Fender inayotoka Ensenada, Mexico. Jozi ya pili ni Les Paul: ya Gibson kutoka Nashville, na ya Epiphone, kampuni ambayo Gibson iliinunua mwaka 1957 na ambayo leo magitaa yake mengi hutoka China.

Jozi hizi mbili hazilingani. Leo Fender alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, na Stratocaster yake ya mwaka 1954 aliibuni iundwe kwa vipande: kiwiliwili bapa, shingo inayofungwa kwa skrubu, kichwa kisichoinama. Kitu kilichobuniwa hivyo hakipotezi mengi kikitengenezwa kwa gharama ndogo. Les Paul, iliyotoka mwaka 1952, ina uso uliochongwa ukabinuka, shingo iliyogandishwa kwa gundi, na kichwa kilicholalia nyuma. Kila hatua hapo inadai mkono uliozoea. Kwa sababu hiyo naona pengo kati ya Squier nzuri na Fender ya Marekani ni dogo kuliko pengo kati ya Epiphone na Gibson, na mwenye fedha kidogo atapata zaidi akielekea upande wa Stratocaster. Ushahidi upo: Fender ilipoanza kuuza magitaa ya Squier mwaka 1982, yakitengenezwa Japani, yale ya mwanzo yalitoka mazuri kiasi kwamba leo wakusanyaji wanayasaka.

Sasa lichukue gitaa mkononi, na usiliunganishe na amplifaya kwanza. Amplifaya husamehe mengi.

Anza na freti, vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa kwenye ubao wa vidole. Telezesha mkono shingoni kutoka kichwani hadi kwenye kiwiliwili na kurudi, kiganja kikigusa kingo zote mbili. Ncha za freti zikikukwaruza, kazi iliachwa njiani. Mbao husinyaa hewa inapokauka na chuma hakisinyai, hivyo ncha huchomoza. Gitaa lililozoea unyevu wa Tanga likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi linaweza kuonyesha kasoro hiyo hata kama dukani lilikuwa laini. Katika gitaa la bei kubwa kila ncha imepigwa tupa peke yake mpaka ikaviringika, na kingo za ubao zimesuguliwa zikapoteza ukali. Hapa macho hayasaidii sana. Kiganja ndicho kinachojua.

Kisha piga kila noti, uzi kwa uzi, freti kwa freti, polepole. Ni noti zaidi ya 120, na muuzaji atakutazama, endelea. Unatafuta noti inayokufa mapema kuliko jirani zake, na ile inayotoa mlio wa chuma kugonga chuma. Ukifika freti ya 12 na kuendelea, vuta uzi mwembamba mpaka noti ipande toni nzima. Ikizimika katikati ya kuvutwa, freti za mbele yake zimesimama juu kuliko inavyotakiwa. Gibson hupima usawa wa freti kwa mashine iitwayo Plek, inayosoma urefu wa kila moja na kuisugua kwa kipimo kidogo mno. Kiwanda cha bei nafuu mara nyingi husawazisha kwa haraka, au hutegemea shingo nzuri ijitokeze yenyewe.

Kwa mpigaji wa kwetu sehemu hii ya shingo ina uzito wa pekee. Solo ya dansi na ya rumba ya Kongo, iwe ile ya Dk. Nico Kasanda au ya Mbaraka Mwinshehe, ina sauti safi isiyokwaruzwa, na sehemu kubwa ya utamu wake hupatikana juu ya shingo, noti zikifuatana mbiombio. Mpigaji wa roki nzito hujaza nafasi kwa mkwaruzo wa amplifaya, na noti dhaifu hujificha humo. Kwenye solo ya rumba haina pa kujificha. Kwa hiyo akiniuliza mcharazaji wa dansi atumie wapi shilingi yake ya ziada, nitamwambia atafute freti zilizosawazishwa vizuri kuanzia ya 10 hadi ya mwisho, hata kama pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni za kawaida.

Hapo hapo pima kama gitaa linaimba sawa kila mahali. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, usikie sauti yake nyembamba kama ya kengele; kisha ubane hapo hapo uupige tena. Sauti mbili ziwe na kimo kimoja. Zikitofautiana, vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi vinahitaji kusogezwa mbele au nyuma, kazi ya dakika chache kwa bisibisi. Ukiona vimesogezwa hadi mwisho na bado sauti hazikutani, rudisha gitaa lilipokuwa.

Kipande kinachodharauliwa kuliko vyote ni kijidaraja cha juu, kile chenye mifereji sita pale kichwa kinapokutana na shingo. Wengi gitaa likipoteza tyuni hulaumu vikazio vya nyuzi, wakanunua vipya, na tatizo likabaki. Kaza uzi wa tatu taratibu: ukisikia mlio mdogo wa kushtuka, uzi umenaswa kwenye mfereji uliochongwa mwembamba mno. Mifereji isiposhuka vya kutosha, noti za freti ya kwanza hutoka zimepanda na vidole huchoka. Gitaa ghali huwa na kijidaraja cha mfupa au cha plastiki ngumu ya ubora wa juu, kikiwa kimechongwa kwa mkono kulingana na unene wa kila uzi. Cha gitaa la bei ya chini mara nyingi ni plastiki tupu iliyochongwa kwa kukadiria. Habari njema ni kwamba fundi mwenye tupa nyembamba hukibadilisha kwa gharama ndogo, na hakuna badiliko jingine linalolipa kiasi hicho.

Hilo linanileta kwenye jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine: tenganisha kasoro inayotengenezeka na isiyotengenezeka. Nyuzi zilizo juu mno, daraja lililosetiwa vibaya, kijidaraja kibovu, ncha za freti zenye ukali, hata vikazio vilivyolegea, vyote ni vya fundi. Usilikatae gitaa kwa hayo. Yatumie kupunguza bei. Shingo iliyojipinda kama parafujo ni habari nyingine. Shika gitaa kama unayelenga shabaha, ukitazama kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani: freti zote zilale sambamba. Tazama pia nyuzi mbili za pembeni. Ule mwembamba ukikaribia kuanguka ukingoni mwa shingo huku ule mnene ukiwa na nafasi tele, shingo imeungwa kwa mshazari. Kwenye Stratocaster unaweza kulegeza skrubu na kuinyoosha. Kwenye Les Paul gundi imeshakauka.

Mwisho wa ukaguzi wa shingo, bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame upenyo karibu na freti ya nane. Kwenye Stratocaster ya kisasa Fender hupendekeza takriban robo milimita. Upenyo ukiwa mkubwa, fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo huzungushwa mpaka shingo inyooke, ilimradi inazunguka. Mwombe muuzaji aizungushe mbele yako. Fimbo iliyokwama ni sababu tosha ya kuondoka.

Sasa unganisha waya. Pikapu ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Katika Squier za bei ya chini kabisa sumaku huwa ya seramiki, yenye sauti kali na ngumu kidogo. Za bei ya juu hutumia alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, na noti zake huwa na duara zaidi. Tofauti ipo, nami naipenda alniko, ila nimesikia seramiki zikiimba vizuri mikononi mwa mtu anayejua kuchezea kitufe cha toni. Usimlaumu mtengenezaji wa Stratocaster kwa mvumo wa umeme: pikapu ya koili moja itanasa mvumo wa Hz 50 hata ingekuwa ya dola 3,000. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson alibuni pikapu ya koili mbili zinazofutiana mvumo, zikaanza kufungwa kwenye Les Paul mwaka 1957. Jambo la kukagua ni hili: ukigusa nyuzi, mvumo upungue. Ukiongezeka, waya wa ardhi haujaunganishwa sawasawa.

Zungusha vitufe vya volyumu na toni kwa utulivu. Katika gitaa zuri sauti hushuka hatua kwa hatua; katika la bei nafuu aghalabu huanguka ghafla kati ya 10 na 8 halafu hakuna tena kinachobadilika. Vitufe na soketi ya waya ni vitu vya bei ndogo, na kiwanda kinachobana hata hapo kimekueleza kilivyobana kwingine.

Kuhusu mbao nitasema machache, maana zimesemwa kupita kiasi. Katika gitaa la umeme lisilo na uwazi ndani, pikapu, nyuzi na freti hutangulia mbao kwa mbali. Tofauti ya aina ya mti naiweka mwisho. Mti ninaoujali ni ule wa ubao wa vidole, kwa kuwa mkono unaugusa. Rosewood, ambayo ni ya jenasi moja na mpingo wetu, iliingizwa pamoja na jamii zake kwenye udhibiti wa biashara ya kimataifa wa CITES mwaka 2017, na watengenezaji wengi wakahamia miti mingine mpaka vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipolegezewa masharti mwaka 2019. Kwa hiyo ubao wa mti mwingine kwenye gitaa la miaka ile si dalili ya ubahili.

Rangi pia ina hoja yake. Gibson hupaka laka ya nitroselulosi, nyembamba, inayozeeka kwa uzuri lakini inayochubuka upesi na hata kuharibiwa na mpira wa stendi. Magitaa ya bei nafuu hupakwa poliesta nene. Kwa anayepiga kila wikendi ukumbini, jasho likitiririka, poliesta itamfaa zaidi. Uzito nao upimwe: Les Paul nyingi huzidi kilo nne, na dansi la usiku kucha litaukumbusha mgongo kila gramu.

Uangalifu wa mwisho ni kwa magitaa ya mtumba. Gibson bandia ni nyingi. Fungua kifuniko kidogo kilicho kichwani: kwenye Les Paul halisi ya Gibson utakuta nati ya shaba inayogeuzwa kwa spana ya kuivalia kwa nje, ilhali kwenye bandia nyingi kuna tundu la ufunguo wa pembe sita. Kagua pia nyuma ya shingo pale inapoungana na kichwa, kwa kuwa Les Paul huvunjika hapo ikianguka. Mstari mwembamba chini ya rangi ni ufa uliogundishwa. Gitaa lililogundishwa vizuri bado hupigwa, ila lisilipiwe bei ya lililo zima.

Kitu ambacho bei kubwa hununua kwa hakika ni kufanana. Fender tatu za Corona zitakaribiana sana. Squier tatu za toleo moja zaweza kuwa na nzuri sana, ya wastani, na moja ya kuacha. Ukiwa dukani na magitaa matatu mbele yako, nunua la bei nafuu bila wasiwasi, maana chaguo ni lako. Ukiwa unaagiza kutoka nje, nduguyo akakubebea kwenye ndege na kurudisha hakuwezekani, panda ngazi moja: Fender ya Ensenada, kwa mfano. Kwa vyovyote vile, tenga sehemu ya fedha kwa ajili ya fundi wa kulisawazisha na kwa seti ya nyuzi mpya. Squier iliyopita mikononi mwa fundi mzuri nitaichagua mbele ya Fender ya Marekani ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani.