Pindo Ndilo Linalotaja Kwao

Ukitaka kujua nguo ya mkono imefumwa wapi, achana na rangi, maana rangi huigwa. Tazama pindo, hasa pale linapokutana na mji, yaani sehemu ya kati. Khanga huchapwa kiwandani, pindo na mji vikatoka pamoja. Kwenye kitanda cha mfumi hizo ni kazi mbili, na namna ya kuziunganisha ndiyo mtindo wenyewe wa mahali.

Msuka mikeka wa Mofu, katika bonde la Kilombero, analifahamu jambo hili vizuri. Ukindu hautoi mkeka mzima kwa mkupuo. Husukwa ukili mwembamba, mrefu, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu. Miyaa iliyochemshwa kwenye rangi lazima ihesabiwe tangu mwanzo, kwani mshono ukisogea kidogo tu, ua limekatika.

Wafumaji wa sari wa Kanchipuram, kusini mwa India, wana shida hiyohiyo na hawatumii sindano. Tuseme mji ni mwekundu na pindo ni la kijani. Mshindio mwekundu, yaani uzi unaokingama, ukipita moja kwa moja hadi ukingoni, kijani kitachafuka. Kwa hiyo mishindio huwa mitatu: mmoja wa mji, miwili ya mapindo. Kila mstari unapofumwa, mshindio wa mji hufika mpakani, ukanasana na ule wa pindo, ukageuka na kurudi. Mikono ya mtu mmoja haitoshi. Msaidizi huketi ubavuni kupitisha uzi wa tatu. Ufundi huu huitwa korvai. Ukivuta mji upande mmoja na pindo upande mwingine, mpaka haufumuki, na hapo ndipo mnunuzi mjuzi anapoanza kukagua.

Kwingine ustadi umekaa mahali pengine. Patan, katika Gujarati, mafundi wa patola hufunga na kutia rangi mtande (nyuzi za urefu) na mshindio kabla ya kufuma, kisha huzilinganisha nyuzi hadi maua yakutane. Sari moja huchukua miezi. Dhaka, mfumaji wa jamdani huongeza nyuzi za maua kwa mkono juu ya kitambaa chepesi mno. UNESCO iliuorodhesha ufundi huo mwaka 2013.

Nasi Afrika Mashariki tulikuwa na mitindo yetu. Wafipa walifuma pamba yao kwenye kitanda kilicholazwa chini. Wafumi wa Banadir, pwani ya Somalia, waliketi shimoni, miguu ikifanya kazi pamoja na mikono, hivyo kazi ilikwenda kasi zaidi. Unguja ya karne ya 19, mafundi walizifumia taraza nguo zilizoletwa kutoka ng'ambo, na pindo hilo likazipa thamani mpya.

Kisha merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ikajaa sokoni. Wajerumani nao walitaka pamba ghafi kwa viwanda vyao, wakawalazimisha watu kuilima. Wambunga wa bonde la Kilombero walikuwa miongoni mwa walioshambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji. Uchungu wa pamba hiyo haukuwa jambo dogo katika vita hivyo.

Leo, katika bonde hilohilo, kina mama wa Ifakara wanafuma tena pamba, na kazi yao ni imara. Lakini naona mistari yao bado ingeweza kutoka mahali popote penye vitanda vya kufumia. Ua la bonde lipo tayari, kwenye ukili wa Mofu, tena limeshahesabiwa. Lichukuliwe jinsi lilivyo, lifumwe kwenye pindo kwa mishindio mitatu, mji ubaki mtupu. Kazi itakuwa ya polepole na bei itapanda, na mnunuzi anapaswa kuelezwa hivyo bila kuona haya.

Nawasihi wafumaji wa Ifakara wawaite wasuka mikeka wa Mofu waketi nao kwenye kitanda, wakiwa na ukili mkononi, na wawalipe kwa ujuzi wao.