Nyonga Mpya, Goti Jipya: Mofini Ibaki Akiba

Mgonjwa aliyewekewa goti la bandia hutakiwa kusimama siku hiyohiyo au kesho yake, na hapo ndipo dawa yake ya maumivu inapopimwa. Mofini hutuliza, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayetapika na kuona kizunguzungu hatembei, na asiyetembea damu humganda miguuni kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo swali la maana ni kama anaweza kukunja goti na kufika chooni kwa miguu yake. Kwa kipimo hicho, kazi kubwa ifanywe na dawa za kawaida zinazotolewa kwa saa, bila kungoja mgonjwa alalamike.

Ushahidi mzuri ulitoka Denmark mwaka 2019. Katika hospitali 6, wagonjwa 556 waliobadilishiwa nyonga waligawanywa: wengine parasetamoli gramu 1, wengine ibuprofeni miligramu 400, wengine zote mbili, na kundi la nne nusu ya dozi hizo, kuanzia saa moja kabla ya upasuaji na kila baada ya saa 6. Mofini waliyoihitaji katika saa 24 za kwanza, kwa mgonjwa wa katikati, ilikuwa miligramu 36 kwa parasetamoli peke yake, 26 kwa ibuprofeni na 20 kwa mchanganyiko. Wengi husoma hapo ushindi wa mchanganyiko. Mimi naona zaidi nguvu ya ibuprofeni, maana pengo la miligramu 6 halifiki 10 ambazo watafiti wenyewe walizihesabu kuwa tofauti yenye maana kwa mgonjwa.

Utaambiwa ibuprofeni huumiza figo na tumbo, na wengi wanaobadilishiwa viungo ni wazee wenye presha. Ni kweli, na mwenye figo dhaifu asipewe kabisa. Ila hoja hiyo inadai ganzi itumike kwa ustadi zaidi. Mwaka 2008, Dennis Kerr na Lawrence Kohan wa Sydney walieleza jinsi ya kudunga ganzi kwenye nyama zinazozunguka kiungo wakati wa upasuaji wenyewe. Mahali pa sindano ni muhimu mno: neva ya paja ikitiwa ganzi kwenye kinena, msuli wa mbele wa paja hulegea na mgonjwa huweza kuanguka anapojaribu kusimama; ikidungwa chini zaidi, katikati ya paja, maumivu ya goti hupungua na msuli hubaki na nguvu nyingi. Maumivu yakipenya hata hapo, mofini itolewe bila ubahili, kwa dozi ndogo.