Jirani, Mwenzio na Bure: Maneno Matatu ya Upendo katika Injili ya Kiswahili

Walimu wengi hulalamika ya kuwa Kiswahili hakina neno la kutosha kwa upendo ule utolewao pasipo kutazamia malipo. Husema kwamba kupenda ni neno la kila kitu: mtu hupenda mkewe, hupenda wali wa nazi, hupenda kulala mchana, basi mwanafunzi atajuaje upendo aliousema Bwana ni upi? Lalamiko hili nimelisikia katika mikutano mingi, na kila mara nimeona kwamba lugha yasingiziwa. Kosa, nionavyo mimi, halimo katika maneno bali katika jinsi tunavyoyafundisha.

Tulitazame neno lenyewe. Mtu akiulizwa kwa nini alimpa yatima sehemu ya shamba lake, hujibu, "Nimependa mwenyewe." Hapo hasemi habari za moyo kuchomwa na huba; asema hakushurutishwa na mtu. Ukipenda, upendavyo, kwa kupenda kwake: haya yote ni maneno ya hiari. Na katika Sala ya Bwana twataja mapenzi ya Mungu, maana yake nia yake. Kwa hiyo katika shina moja la neno, Waswahili wameweka pamoja upendo na uhuru wa kutenda, jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya zahitaji maneno mawili kulisema. Tena twajua kutofautisha. Kitu kikipendeza, chenyewe ndicho kinachofanya kazi, naye mpendaye amevutwa tu. Kupendelea ni kuinamisha mizani upande mmoja. Mwalimu akiyaweka ubaoni haya matatu, kupenda, kupendeza na kupendelea, amekwisha kufundisha nusu ya somo kabla ya kufungua Kitabu.

Shida iliyo kubwa zaidi i katika neno jirani. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao ni neno la wingi, nasi tukalifanya la mmoja. Kwa Mswahili jirani ni mtu wa ukuta kwa ukuta: ndiye umwombaye moto na chumvi, ndiye asikiaye kilio cha kwanza usiku. Haki za jirani zilijulikana pwani kabla ya misheni kufika, na Waislamu huzifundisha kwa bidii. Basi mtu asomaye amri ya kumpenda jirani katika Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, haoni jambo geni. Husema moyoni, "Hili tulikuwa nalo," na kweli walikuwa nalo.

Mchungaji Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara, na ambaye Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1937, hakulitumia neno hilo katika amri hii, bali aliandika mwenzio. Yajulikana ya kuwa Roehl alitaka kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu, na wengi walimlaumu kwa hilo; mimi pia naona kwamba mara nyingine aling'oa miti yenye matunda. Lakini hapa, kwa sababu yo yote aliyokuwa nayo, alipata neno lenye nguvu. Wajuzi wa Kiebrania husema ya kuwa katika Mambo ya Walawi neno lililotumika katika amri hii lina maana ya mwenzi au rafiki, si mtu wa nyumba ya pili. Wale waliofasiri Agano la Kale kwa Kiyunani ndio walioweka neno lenye maana ya "aliye karibu". Kwa hiyo jirani yafuata Kiyunani, na mwenzio yarudi karibu na Kiebrania. Hakuna aliyekosa.

Walakini yatupasa kuuliza neno gani humfanya msikilizaji wa Kiswahili asikie lile swali la mwanasheria katika Luka sura ya 10 kama lilivyokuwa. Jirani yangu ni nani? Kwa Kiswahili swali hili ni la kitoto. Kila mtu awajua majirani zake kwa majina. Lakini mwenzangu ni nani? Hilo ni swali lenye makali. Maana sisi husema "huyu ni mwenzetu" na "yule si mwenzetu", na kwa maneno hayo mawili watu huozana au hukataa kuozana, hupewa kazi au hunyimwa, huzikwa na wengi au na wachache. Mwanasheria alikuwa akiuliza mpaka uko wapi. Alitaka kujua apende mpaka wapi, ili aache pale pasipo na lawama. Katika neno jirani, swali lake lapotea. Katika neno mwenzio, kila msikilizaji amekwisha kujibu kimoyomoyo kabla mfano haujaanza.

Na mfano wenyewe twauhubiri vibaya. Nimesikia hotuba nyingi zikimtetea yule kuhani, ya kwamba aliogopa kujitia unajisi kabla ya huduma ya hekalu. Lakini Luka asema alikuwa akiteremka, yaani aliiacha Yerusalemu nyuma yake. Njia ile ya kwenda Yeriko ni mwendo wa kilomita 27 hivi, nayo yashuka zaidi ya mita 1000. Mtu hawezi kukosea kama yupanda au yushuka. Jambo jingine lisilosemwa ni kwamba katika sura ya 9, kurasa chache tu kabla, kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Bwana, na wanafunzi wawili wakataka moto ushuke uwateketeze. Uadui ule ulikuwa wa siku nyingi. Hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu lilikuwa limebomolewa na Yohana Hirkano, mtawala wa Wayahudi, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Basi kumwita Msamaria "mwema", kama vichwa vya habari vya Biblia zetu vifanyavyo, ni kuyafuta hayo yote kwa neno moja. Watoto wetu hudhani ya kuwa Msamaria ni jina la mtu mwenye huruma. Hospitali na vyama vimeitwa hivyo. Hawajui kwamba kwa wale waliosikia kwanza, lilikuwa jina la kutemea mate.

Hata mwanasheria hakuweza kulitamka. Alipoulizwa ni nani katika wale watatu, alizunguka, akamtaja kwa tendo lake tu.

Sasa nije kwenye neno bure, ambalo baadhi ya makasisi wangetaka liondolewe katika Mathayo 10:8, kwa sababu husikika vibaya. Husema: mtu bure ni mtu asiyefaa, maneno ya bure ni upuuzi, nimekwenda bure ni safari iliyopotea. Je, neema ya Mungu iitwe bure? Nilikuwa na huruma na hoja hii mpaka mwalimu mmoja wa chuo cha theologia aliponionyesha ya kuwa Kiyunani nacho ni vivyo hivyo. Neno lililo katika Mathayo 10:8 ndilo lililo katika Warumi 3:24, habari za kuhesabiwa haki pasipo malipo. Ndilo lililo katika Ufunuo 22:17, habari za maji ya uzima. Lakini ndilo hilo hilo katika Yohana 15:25, ambapo Bwana alichukiwa pasipo sababu, na katika Wagalatia 2:21, ambapo Paulo asema habari za kifo ambacho kingekuwa hasara tupu. Wafasiri wa Union waliandika bure mahali pote hapo, nao walifanya vema kabisa. Bila malipo, bila sababu, bila faida: Kiyunani na Kiswahili vimekutana katika neno moja, na mfasiri hupata bahati ya namna hiyo mara chache. Wale wanaotaka kulibadili kwa neno hisani au fadhila wafikiri tena. Hisani ni neno zuri, lakini lina harufu ya mkubwa kumtendea mdogo. Na fadhila sisi wenyewe twasema hulipwa. Asiyelipa fadhila twamfananisha na punda na mateke yake. Bure peke yake haina daftari.

Hapo nafika penye mithali ipendwayo sana na wahubiri: Tenda wema nenda zako. Huisifu kama mithali ya Kikristo, na kwa upande mmoja ni kweli, maana yakataza kungoja shukrani. Lakini linganisheni na mfano. Msamaria hakwenda zake. Alilala pale nyumba ya wageni, akampa mwenye nyumba dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili wa kibarua kama tuonavyo katika Mathayo 20, akaahidi kurudi. Wala hakurudi kudai. Alirudi kulipa zaidi. Mithali yetu hulinda moyo wa mtendaji usiumizwe na utovu wa shukrani. Mfano hauulindi, wamfunga mtendaji kwa gharama asiyoijua bado. Sisemi mithali iachwe. Nasema isiwekwe kuwa maelezo ya Luka 10.

Kuna na silabi ndogo ya -ana, ambayo ndiyo nguvu ya maisha yetu: kusaidiana, kuchangiana, kutembeleana, kuzikana. Sina neno baya juu yake. Bwana mwenyewe aliagiza kupendana. Lakini fikirini neno kuzikana. Maiti haiwezi kumzika aliyeizika. Neno hili lasimama juu ya imani ya kwamba mwingine, siku nyingine, atanizika mimi. Ni imani njema, mpaka inapoandikwa katika kitabu chenye mistari.

Katika mtaa mmoja niliokaa, chama cha kuzikana cha Wakristo kilikuwa na kanuni ya kwamba asiyelipa miezi mitatu amejitoa mwenyewe. Mama mmoja, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa tangu masika, alifiwa na mtoto. Wazee walikaa kikao tangu asubuhi hata adhuhuri, wakifungua daftari na kulifunga, kwa maana waliogopa kwamba wakimzikia asiyelipa, wengine nao wataacha kulipa. Hofu yao haikuwa ya kijinga. Vyama vingi vimekufa kwa njia hiyo. Walipokuwa wakizungumza, vijana wa baraza ya pili, wengi wao Waislamu, walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi. Hawakuuliza habari za kanuni. Mzee mmoja aliponieleza baadaye, alisema kwa mshangao, "Na wale si wenzetu hata kidogo."

Sijui kama alisikia alichokisema. Lakini tangu hapo, nikifundisha sura ile, huisoma mara mbili, kwanza kwa jirani, kisha kwa mwenzio. Kisha huwataka wanafunzi wafunge vitabu na kuniambia, kwa majina ya mahali petu, nani angekuwa kuhani, nani Mlawi, na nani yule wa tatu. Wawili wa kwanza hutajwa kwa kicheko. Kwa wa tatu darasa hunyamaza kwanza, kisha jina la kabila moja au la dini moja hutoka nyuma ya chumba, kwa sauti ndogo. Mwalimu asilikemee, wala asilipite upesi. Aliandike ubaoni mahali pa neno Msamaria, na somo liendelee hivyo mpaka mwisho wa sura.