Tunapita Bukumbi Kwenda Namugongo

Kila mwaka, Mei inapoelekea ukingoni, familia nyingi za Kikristo za upande huu wa ziwa huanza maandalizi ya safari ya Namugongo. Hati za kusafiria hutafutwa, kadi za chanjo ya homa ya manjano hukaguliwa, mchango wa gari hukusanywa, na akina mama hukaanga maandazi ya njiani. Safari ni ndefu: Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, Muleba, Bukoba, hadi mpakani Mutukula, halafu Masaka na Kampala. Tunakwenda kuadhimisha tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto kwa sababu ya Kristo. Katika makala haya hatutaki kuisifu safari hiyo tu. Tunataka kuipima sikukuu yenyewe, kama muumini anavyolipima hubiri alilolisikia: inatufundisha nini vizuri, na ni neno gani inaliacha bila kulisema.

Tuanze na linalofundishwa vizuri. Jubilei nyingi za makanisa yetu huhesabu miaka tangu mgeni fulani alipofika. Tunasoma risala kwa mgeni rasmi, tunataja meli, jina la mmisionari na tarehe aliyokanyaga pwani. Waumini wa kwanza wa hapa hapa wanabaki kuitwa "wenyeji". Namugongo haifanyi hivyo. Mashahidi 45 wanaoheshimiwa, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana, waliouawa kati ya 1885 na 1887, ni Waafrika, na wanatajwa kwa majina. Wengi walikuwa vijana waliotumika katika jumba la kabaka. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Mtoto wa Mwanza anayesimama pale husikia kwamba kijana wa rika lake, mwenye ngozi kama yake, aliijua imani kiasi cha kukubali kuifia. Hilo ni somo ambalo darasa la Jumapili haliwezi kulitoa kwa nguvu ile. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina hilo hilo la Kristo. Sikukuu hii ina msingi mpana, na hatuna budi kuishukuru.

Hata hivyo, tunavyoisimulia sisi, habari hii husimama kwenye moto. Katika maigizo ya makanisani tunayoyafahamu, kabaka Mwanga huingia jukwaani akiwa na hasira, hutoa amri, kuni huwashwa, kwaya huimba, basi. Watazamaji wanarudi nyumbani wakiwa na watu wema wa kuwapenda na mtu mwovu wa kumchukia. Kisha watoto huuliza garini swali ambalo igizo halikulijibu: Mwanga aliishia wapi?

Jibu lake liko kando ya barabara yetu wenyewe. Septemba 1888, miaka miwili tu baada ya moto ule, Mwanga alipinduliwa. Akakimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa kuja kusini. Kwanza alikaa Magu, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, akiwa karibu na mfungwa kuliko mgeni. Kutoka hapo alitafuta hifadhi Bukumbi, kwenye misheni ya Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe. Wakampokea. Alipewa mahali pa kulala na chakula na watu ambao wanafunzi wao wa dini aliwachoma moto.

Bukumbi si mbali. Iko upande wa kusini wa Mwanza, jirani na njia ya kwenda Kigongo, na misheni yake ilianzishwa mwaka 1883, baada ya mapadre hao kuondoka Buganda mwishoni mwa 1882. Zamani, tulipokuwa tukisubiri kivuko cha Kigongo, angalau tulikuwa na saa ya kuangalia maji na kuzungumza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, tunavuka kwa dakika chache. Tunapita jirani na Bukumbi asubuhi na mapema, watoto bado wana usingizi, na hakuna anayesema neno. Tunasafiri siku nzima na zaidi kwenda mahali damu ilipomwagika, huku tukipita kimya mahali ambapo aliyeimwaga alifunguliwa mlango.

Hapa ndipo tunapoikosoa sikukuu yetu. Injili haikutufundisha kuadhimisha mateso pekee. Luka anaposimulia kifo cha Stefano, hamwachi nje kijana Sauli, ambaye mashahidi waliweka mavazi yao miguuni pake. Na baadaye anasimulia jinsi Anania wa Dameski alivyoagizwa kwenda kumwekea mikono mtu huyo huyo, na jinsi alivyoogopa. Ukiondoa Anania, habari ya Stefano inabaki nusu. Bukumbi ndiyo Dameski yetu, nasi hatujaifundisha hata katika katekisimu ya watoto.

Lakini tuseme kweli yote, maana historia ya kanisa haipambwi kwa kuficha. Huruma ya Bukumbi haikuwa safi kama maji ya kisimani. Kabaka aliyepinduliwa alikuwa na thamani ya kisiasa, na hakuna aliyekosa kuliona hilo. Oktoba 1889 Wakristo wa Buganda walimrudisha mjini kwake kwa silaha. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, ndugu wa mashahidi wa moto mmoja, walipigana wao kwa wao Mengo. Mwanga mwenyewe hakugeuka mara moja kuwa Paulo. Mwaka 1897 aliasi dhidi ya Waingereza, akakimbilia tena upande wetu, Wajerumani wakamshika. Mwisho alipelekwa uhamishoni Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903.

Je, dosari hizo zinatosha kutufanya tuinyamazie Bukumbi? Tunaona kinyume. Msamaha tunaoujua majumbani mwetu ni wa namna hiyo hiyo. Ndugu aliyeuza shamba la urithi anaporudi akiwa mgonjwa, tunamfungulia mlango, na moyoni tunajua pia kwamba ukoo unatutazama. Mlango unabaki umefunguliwa, na mgonjwa anapata uji. Mungu hufanya kazi na wasamehevu wa aina hiyo, kwa sababu hana wengine.

Wapo watakaosema kwamba kumtaja Mwanga katika siku ya mashahidi ni kupunguza heshima yao. Hofu hiyo tunaielewa, ila mashahidi wenyewe wanaijibu. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 1885, kwa mapokeo alituma ujumbe kwa kabaka kwamba amemsamehe, naye atubu. Basi waliompokea Mwanga Bukumbi hawakuisaliti damu ile; walitimiza wasia wake, hata kama mikono yao ilitetemeka. Tukumbuke pia kosa lililomponza Yosefu huyo, Mkatoliki: alimkemea kabaka kwa kumuua askofu Mwanglikana, James Hannington.

Na mwaka ule ule wa 1888 ziwa letu liliona jambo jingine. Oktoba, wamisionari wote walipofukuzwa Buganda, mapadre Wakatoliki na wamisionari wa CMS, waliokuwa wamebishana miaka mingi mbele ya kabaka, walisafiri kuja kusini katika mashua moja. Njiani kiboko aliipasua, na baadhi ya vijana waliokuwa humo walizama. Walionusurika walifika huku, wengine Bukumbi kwa mapadre, wengine Usambiro kwa Alexander Mackay. Leo tarehe 3 Juni tunafika Namugongo, kila upande unakwenda kwenye eneo lake la ibada, na mara nyingi tumetoka Mwanza katika magari tofauti. Vijana waliozama hawana siku yao wala wimbo wao, ila wanatuuliza kama ni lazima mashua ipasuke ndipo tukae pamoja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji kamati wala harambee. Kwanza, gari la Namugongo lisimame Bukumbi kabla ya kuvuka daraja. Dakika 20 zinatosha kusoma habari ya Anania, kuwaeleza watoto nani alipokelewa hapo, na kuwaombea waliotukosea kwa kuwataja mbele za Mungu kimoyomoyo. Pili, maigizo yetu yaongezewe onyesho moja: Mwanga anashuka mtumbwini akiwa amechoka, na Mkristo aliyefiwa anasimama mlangoni akiamua. Tatu, mwaka huu jirani wa dhehebu jingine aalikwe katika gari letu, tugawane maandazi, hata kama tukifika tutaagana kila mmoja aelekee kwenye ibada yake.

Aliyesimama Bukumbi kwanza atafika Namugongo akijua msamaha ambao mashahidi waliuomba wakiwa wanakufa ulivyo mgumu kuutoa. Na akirudi, kabla hajafungua begi, huenda akakumbuka kwamba kuna mtu ambaye hajamfungulia mlango.