Ngoma Katika Nyumba ya Matanga

Aghalabu husemwa kwamba mtu aliyejifunza kazi yake katika video za muziki hawezi kuifaa filamu nzito, kwa kuwa mkono uliozoea kuwachezesha watu haujui kuwaliza. Hukumu hii yachukulia kuwa ngoma na mauti ni vitu viwili visivyokutana. Kyela na sehemu nyingine za nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, zamani isingepata mtu wa kuiamini.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, waliandika kwamba mazishini wanawake walilia na vijana wakacheza ngoma na mikuki yao mikononi. Uchungu ndio ulioianzisha ngoma, na ngoma ikauongoza uchungu hata kicheko kikarudi. Kisha yalifuata matambiko ya kumtenga marehemu na walio hai, asiwajie tena ndotoni. Halafu akarudishwa nyumbani akiwa mmoja wa abasyuka, yaani mizimu ya ukoo. Aliyeyapuuza matambiko hayo alihofiwa kupata wazimu.

Kipimo hiki chafaa kumpimia Mbithi Masya wa Kenya. Masya alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha muziki cha Just a Band, akaongoza pia video zake. Video iliyokipa kikundi hicho sifa kubwa ni ile ya wimbo “Ha-He” ya mwaka 2010, yenye shujaa Makmende aliyeundwa kwa mtindo wa sinema za ngumi za miaka ya 1970. Humo ngumi ni mchezo: hakuna anayeulizwa deni la pigo alilopiga.

Miaka sita baadaye Masya alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, “Kati Kati”, aliyoiandika pamoja na Mugambi Nthiga. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2016 na kupata huko tuzo ya shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu. Kaleche, mwanamke asiyekumbuka maisha yake, aamka nyikani na kufika katika nyumba ya wageni ambayo wakazi wake, wakiongozwa na Thoma, ni wafu. Wafu hao hula, hucheza na kufanya karamu, lakini hawawezi kwenda zao mpaka kila mmoja ayakabili yale aliyoyakimbia. Miongoni mwao yumo King, kasisi ambaye hatia yake yagusa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Hapo ndipo ustadi wa zamani wa Masya unapoonekana. Hakuitupa furaha ya video zake. Ameihamishia katika nyumba ya matanga na kuiuliza inaficha nini. Karamu za wafu hao zina sura ya ngoma ya mazishi, ila hazina kazi yake. Mnyakyusa alicheza ili auvuke msiba. Wakazi wa Kati Kati hucheza ili wasiuvuke.

Hata hivyo filamu ina pengo. Ni dakika 75 hivi tu, na humo kila mfu huungama dhambi yake peke yake au mbele ya wafu wenziwe. Jamaa walio hai hawapo, nao ndio waliokuwa na kazi ya kumtenga maiti na kumrudisha. Kwa dhambi ya mtu mmoja huenda hilo likatosha. Kwa ghasia za 2007 na 2008, zilizoua watu zaidi ya 1,100, halitoshi, kwa maana lililotendwa na wengi haliondolewi kwa toba ya kasisi mmoja.

Lakini yafaa kukumbuka wakati wake. Mashtaka ya viongozi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai yalikwisha bila mtu kutiwa hatiani: mengine yaliondolewa Desemba 2014, na kesi iliyobaki ikakoma Aprili 2016, miezi michache kabla ya filamu kuonyeshwa Toronto. Walio hai hawakuwa wameimaliza kazi yao, basi Masya akawaachia wafu waianze. Kwa kipimo cha Wanyakyusa, msiba ulioachwa hivyo haujesha, na wa kuogopewa wazimu si wafu bali ni waliobaki.