Shaka ya Fundi

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Madereva hao wamesifiwa vya kutosha. Sifa zangu ni za fundi ambaye akiletewa gari la namna hiyo leo kwenye gereji ya Chamazi, linamisi na kuchemka, hulisikiliza kwanza spana zikiwa bado kwenye boksi.

Injini ya gari hilo ina silinda sita, lita 2.4, na moto unakwenda kwa zamu: 1-5-3-6-2-4. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi zote kwa jumla hurusha cheche 150 kila sekunde. Kila cheche sharti itangulie kidogo kabla pistoni haijafika juu, kwa kuwa petroli huchukua muda kuungua. Moto ukichelewa, gari linakosa nguvu na ekzosi inapata joto kupita kiasi. Ukiwahi mno, injini inagonga mlimani, na pistoni yaweza kutoboka.

Ninachokiheshimu kuliko vyote ni shaka ya fundi huyu. Wengi hukimbilia distributa, wakaizungusha mpaka mlio uwapendeze, kisha wakahamia kabureta; jioni gari lina magonjwa mawili. Yeye huanzia kwenye pointi za ndani ya distributa. Mwanya wake ni kama nusu milimita, na ukibadilika, taimingi, yaani wakati wa cheche, nayo inahama, kwa hiyo anayepima taimingi kabla ya kuziweka sawa atairudia kazi. Halafu anafungua plagi ya silinda ya kwanza na kuziba tundu kwa kidole gumba, huku kijana wake akizungusha injini taratibu kwa spana. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila duru ya mizunguko miwili, lakini mara moja tu ndipo inapokuja imebana hewa. Kidole kikisukumwa, ndiyo hiyo. Asiyejua tofauti hii anaweza kufunga distributa kinyume kabisa na kushinda akilaumu betri.

Hata alama ya kwenye puli haiamini hivi hivi. Puli hiyo ni vyuma viwili vilivyoshikanishwa kwa mpira, na mpira wa miaka hamsini huachia, chuma cha nje kikateleza na alama yake. Basi anaitafuta pistoni yenyewe kwa kipimo kinachopita tundu la plagi, na akikuta alama imedanganya anachora nyingine kwa rangi nyeupe. Wapo wanaoona huko ni kupoteza muda. Mimi naona ndiko ufundi uliko.

Ndipo inapowashwa taa ya taimingi. Injini ikiwa sailensa, alama inatakiwa itulie. Ikicheza, bushi ya distributa imelika, na hapo hakuna kuzungusha kutakakosaidia. Akikanyaga mafuta, alama isogee kwa ulaini; ikikwama, vyuma vidogo vya ndani ya distributa vinavyowahisha moto vimeshika kutu.

"Bosi, twende barabarani," anamwambia mwenye gari.

Wanashika njia ya Mbande, vioo wazi, gia ya juu, mwendo mdogo, mguu umekanyaga. Akisikia injini inagonga, anasimama pembeni, analegeza nati, anachelewesha moto digrii moja au mbili, anakaza, na wanaondoka tena.