Mwanya na Pengo

Kwetu Nachingwea mwanya ni sifa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwambia dada yangu kwamba meno yake yana tatizo. Alikuwa na mwanya mpana katikati na mingine miwili kandokando. Alipofika miaka 31 eksirei ikaonyesha sababu: yale meno mawili ya juu yanayokaa kati ya meno makubwa ya mbele na chonge hayakuumbika tangu tumboni.

"Nafasi unayo, dada," daktari wa meno wa Dar es Salaam alimwambia, "ila imetawanyika. Tutaikusanya."

Nilikaa pembeni nikitazama. Alilikausha jino kwa hewa, akalipaka asidi, akangoja kama nusu dakika, akaliosha, akalikausha tena. Ganda lililokuwa liking'aa likafifia, likawa jeupe kama chaki. Hapo ndipo gundi hushika. Akaweka breketi, ndogo kama punje ya mtama, akaitazama kwa kijioo, akaisogeza kiasi cha unywele, akaitazama tena, ndipo akaimulika kwa taa ya buluu. Kisha jino la pili, kwa utaratibu uleule, kana kwamba ndilo la kwanza.

Waya wa mwanzo ulikuwa mwembamba. Baada ya miezi ukaja mgumu zaidi, na springi kila upande ikisukuma chonge nyuma na jino la mbele katikati. Nguvu yake ni ndogo kwa makusudi. Jino linakoelekea, mfupa huyeyuka. Linakotoka, mfupa mpya hujengeka. Ukilazimisha, mzizi huweza kuliwa. Kwa mtu mzima, milimita 1 kwa mwezi ni mwendo mzuri. Daktari alipima, akaandika, akakaza kidogo, akatuaga. Basi letu lilivuka mto Mbwemkuru mara mbili kwa kila milimita.

Mapengo yalipofikia milimita 6.5 mimi nilidhani kazi imekwisha. Daktari akaagiza eksirei nyingine: meno yalikuwa yameachana, lakini mizizi bado imeinamiana ndani ya taya. Akakunja waya upya kwa koleo, tukarudi kwa miezi kadhaa zaidi.

Siku ya kuchagua rangi ya meno ya bandia ya kujaza mapengo, alimsogeza dada dirishani, akapanga vipande vya rangi kando ya chonge, akavilinganisha kimoja kimoja.

"Daktari," dada akasema, "katikati niachie mwanya."

Akaacha milimita 1. Kisha akabandika waya mwembamba nyuma ya yale meno mawili ya mbele, pasipoonekana, ili mwanya ule usipanuke wala kufungika.